Kabla Hujang'oa Dramu za Nyuma

Mwenye Vitz, IST, Passo au Demio akianza kuhisi kwamba gari lake linachelewa kusimama, haukawii kumfikia ushauri wa kung'oa dramu za nyuma na kufunga diski. Ushauri huo una mvuto wake. Magari ya bei kubwa yana diski kwenye matairi yote manne, diski huonekana wazi kupitia rimu, na mtu akizunguka kwenye maduka ya spea za mtumba ya Gerezani, Dar es Salaam, au ya Kirinyaga Road, Nairobi, hatakosa wa kumwambia kwamba seti inaweza kutafutwa. Lakini kwenye gari dogo linalovutwa na matairi ya mbele, diski za nyuma peke yake hazifupishi umbali wa kusimama. Zikifungwa bila vile vifaa vinavyozizunguka, zinaweza hata kuligeuza gari katikati ya barabara. Kwa wenye magari haya walio wengi, fedha hiyo itawalinda zaidi ikianzia kwenye matairi, breki za mbele na dramu zilezile zilizokwishafungwa. Wachache wenye sababu ya kweli ya kubadilisha nao wana njia yao ya kufanya kazi hiyo kwa usalama, na nitaieleza pia.

Tuanze na uzito, maana ndio unaoamua mengi. Chukua gari la kilo 1,000 lenye mita 2.4 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kipimo kinachokaribia sana kile cha Vitz ya kwanza. Kwa kuwa injini na giaboksi viko mbele, gari likiwa limesimama kiasi cha kilo 620 hulala kwenye matairi ya mbele na kilo 380 kwenye ya nyuma. Sasa kanyaga breki kwa nguvu kwenye lami kavu, gari lipunguze mwendo kwa asilimia 80 ya mvutano wa dunia. Kama kitovu cha uzito kiko sentimita 55 juu ya lami, kilo 180 hivi zitahama kutoka nyuma kwenda mbele. Mbele kutakuwa na kilo 800, nyuma zitabaki 200. Tairi haliwezi kushika barabara kuliko uzito ulioliemea unavyoruhusu, kwa hiyo kazi ya matairi mawili ya nyuma, hata ukiyafungia breki za gari la mashindano, haitazidi sehemu moja ya tano ya kazi yote. Ukiiongezea nguvu sehemu hiyo kupita kipimo, utakachopata ni matairi yaliyokwama na kuburuzika.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la umbali. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, likipunguza mwendo kwa kiwango hicho, litahitaji mita 32 hivi tangu breki zinaposhika mpaka lisimame. Kabla ya hapo dereva anayechukua sekunde moja kushtuka na kukanyaga ameshapita mita 22. Ikiwa breki zako za sasa zina nguvu ya kuyafikisha matairi yote kwenye ukingo wa kukwama, au ya kuiamsha ABS, basi kinachokuzuia kusimama mapema zaidi ni mpira wa tairi na hali ya lami. Dramu nzima, iliyorekebishwa vizuri, kwenye gari dogo inafika kwenye ukingo huo bila shida. Tairi lililokauka kwa umri halishiki lami vizuri, hata lifungwe diski ya aina gani. Kwa hiyo anza kwa kusoma tarakimu nne za tarehe zilizochapwa ubavuni mwa tairi: 2319, kwa mfano, ina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari lililoingizwa nchini likiwa limetumika mara nyingi huja na matairi yenye kashata nene lakini yenye umri mkubwa, na mnunuzi huangalia kashata peke yake.

Historia ya breki inasema hivyohivyo. Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski Uingereza mwaka 1902, mwaka uleule ambao kwa kawaida Louis Renault wa Ufaransa anatajwa kuwa mwanzilishi wa dramu ya kisasa. Dramu ndiyo iliyotawala kwa nusu karne. Diski ilijipatia heshima mwaka 1953, Jaguar C-Type ilipoyashinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans ikiwa na diski za Dunlop, na faida yake kubwa pale ilikuwa kuvumilia joto la kusimama tena na tena kutoka kwenye mwendo mkali. Magari ya kawaida yalipoanza kuichukua, yaliiweka mbele, kwa sababu huko ndiko joto linakozaliwa. Citroën DS ya 1955 ilikuwa na diski mbele na dramu nyuma, na mpangilio huo ndio uliorithiwa na magari madogo yanayojaa barabarani kwetu. Mtu atasema wenye viwanda wanabakiza dramu kwa kubana matumizi. Ni kweli, dramu ni rahisi, na handibreki inaingia ndani yake bila kifaa cha ziada. Lakini bei si sababu pekee. Volkswagen iliirudisha dramu nyuma ya ID.3, gari la umeme lililoanza kuuzwa 2020, kwa kuwa mota ya umeme inachukua sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo, na breki ya nyuma isiyotumika sana hukaa salama zaidi ikiwa imefunikwa isipate kutu. Kampuni isiyoiamini dramu isingeifunga kwenye gari jipya lenye uzito wa zaidi ya kilo 1,600.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba dramu na diski hazizai nguvu kwa njia moja. Ndani ya dramu, shuu moja hukokotwa na mzunguko wa dramu yenyewe ikajikaza zaidi, kwa hiyo mkandamizo mdogo wa mafuta huzaa nguvu kubwa. Diski haina msaada huo. Ndiyo sababu silinda ya gurudumu kwenye magari haya ina pistoni ndogo, ya milimita 17 hadi 19 hivi, na kalipa ya nyuma inahitaji pistoni ya milimita 30 na zaidi. Pistoni ya milimita 34 ina eneo la zaidi ya mara tatu ya ile ya 19. Mtu anayebadilisha kimoja kwa kingine anabadilisha kiasi cha mafuta ambacho masta silinda inapaswa kusukuma, uzito wa pedali chini ya mguu, na mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma. Mgawanyo huo mtengenezaji aliupanga kwa kulinganisha pistoni, vipenyo vya diski na dramu, na vali inayoupunguza mkandamizo wa nyuma breki inapokanyagwa sana. Breki ya nyuma ikiwa dhaifu kuliko inavyotakiwa, pedi za mbele zitakwisha haraka na umbali wa kusimama utaongezeka, kinyume kabisa cha kilichokusudiwa. Ikiwa na nguvu mno, matairi ya nyuma yatakwama kabla ya ya mbele, na gari ambalo nyuma yake imeacha kushika lami hujizungusha lenyewe. Kwenye lami yenye maji dereva hapati nafasi ya kulirudisha. Kanuni namba 13-H ya Umoja wa Mataifa kuhusu breki za magari ya abiria inasisitiza kwamba mbele ndiko kutangulie kukwama, kwa sababu gari lililokwama mbele huendelea kwenda moja kwa moja.

Sasa tuziangalie dramu zako, kwa maana breki nyingi za nyuma zinazolaumiwa kwa kuwa ni dramu zina kosa la kutofunguliwa kwa miaka. Kuna jaribio la dakika moja linalofichua mengi. Injini ikiwa inaunguruma na gari limesimama mahali tambarare, kanyaga pedali na ukumbuke inakofika. Achia, vuta handibreki milio michache, kanyaga tena. Pedali ikisimama juu zaidi mara ya pili, shuu za nyuma zimekaa mbali na dramu, na sehemu ya mguu wako inapotea kuziba nafasi hiyo. Mara nyingi chanzo ni ajasta iliyoganda kwa kutu na vumbi, ikaacha kujirekebisha.

Kufungua dramu si kazi kubwa, ila ina masharti. Weka gari mahali pa usawa, zuia matairi ya mbele kwa magogo, achia handibreki, inua kwa jeki kisha uliketishe gari kwenye stendi. Usiingize mkono wala kichwa chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Dramu ikigoma kutoka, usiipige nyundo pembeni mpaka ipasuke: dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye uzi, ukikaza bolti mbili za milimita 8 kwa zamu inajisukuma yenyewe. Vumbi lililomo ndani usilipulize kwa hewa ya kompresa wala kwa mdomo, kwa kuwa shuu za zamani na baadhi ya shuu za bei ya chini zinaweza kuwa na asbesto. Lilowanishe kwa maji ya sabuni na kulifuta kwa kitambaa utakachokitupa. Kisha funua kidogo mipira ya silinda ya gurudumu. Ukikuta unyevu wa mafuta ndani, silinda inavuja na shuu zilizolowa hazisafishiki, zibadilishe pande zote mbili. Pima kipenyo cha ndani cha dramu ukilinganishe na kikomo kilichochapwa juu yake. Dramu ya milimita 200 kwa kawaida kikomo chake ni 201, na iliyovuka hapo hairudishwi kwa kuchongwa tena. Shuu zikibaki na utambi wa milimita moja zimekwisha, na kwa kuwa kazi ya kufungua ni ileile, hakuna sababu ya kuzirudisha zikiwa na mbili. Fungua upande mmoja, uache wa pili mzima uwe kielelezo chako cha jinsi springi zinavyokaa, na usichanganye ajasta za kulia na kushoto, maana nyuzi zake zinapindana. Mwisho rekebisha ajasta mpaka dramu ikizungushwa kwa mkono uisikie inagusa kidogo sana, ndipo ushughulikie kebo ya handibreki. Fundi anayeanza kwa kukaza kebo ili kuficha shuu zilizo mbali ameufunika ugonjwa, na pia ameizuia ajasta kufanya kazi.

Mafuta ya breki yana haki ya kutajwa peke yake. Yanafyonza unyevu wa hewa, na kwenye miji ya pwani hewa haina uhaba wa unyevu. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205. Ikishafyonza maji kiwango kinachoruhusiwa kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa yanakuwa mvuke, mvuke unabanika, na pedali inazama hadi sakafuni wakati unapoihitaji zaidi. Kuyabadilisha yote kila baada ya miaka miwili na kutoa upepo kwa utulivu ni huduma ya bei ndogo inayoleta tofauti ambayo watu wengi wanaitafuta kwenye diski.

Kuna hoja tatu nzito za upande wa pili. Ya kwanza ni milima. Anayeshuka Kitonga, Sekenke au mteremko wa Mai Mahiu anajua harufu ya breki zilizoungua, na ni kweli kwamba dramu inapoa polepole kuliko diski, tena ikipata joto inatanuka na kujitenga na shuu. Lakini tazama ukubwa wa tatizo lenyewe. Gari likishuka mita 500 za kimo kwa kutegemea breki tupu, joto linalozalishwa ni sawa na la kulisimamisha mara 13 kutoka kilomita 100 kwa saa, bila nafasi ya kupoa katikati. Sehemu kubwa ya joto hilo iko mbele, na huko diski tayari zipo. Ndizo zitakazoanza kuchoka. Anayeishi milimani atapata zaidi kwa pedi nzuri za mbele na mafuta mapya kuliko kwa diski za nyuma, na zaidi ya vyote kwa kuteremka na gia ndogo: ya pili kwenye gari la manyuo, au 2, L, S au B kwenye la otomatiki, kadiri mkono wa gia ulivyoandikwa. Gia hiyo inachaguliwa juu ya mlima, kabla mwendo haujashika kasi.

Hoja ya pili ni maji na matope. Hapa diski inashinda kwa sehemu: inajifuta kila inapozunguka, ilhali dramu iliyozama kwenye dimbwi hubaki na maji ndani na huhitaji kukanyagwa kidogokidogo kwa mita mia kadhaa ili ikauke. Hata hivyo mchanga mkavu wa barabara za vumbi hauingii kirahisi ndani ya dramu, na ndio unaoila diski na pini za kalipa. Hoja ya tatu ni mzigo. Gari lililojaa watu watano na mabegi, au Probox inayobeba bidhaa, lina uzito zaidi nyuma, kwa hiyo breki za nyuma zinaweza kweli kufanya kazi kubwa zaidi. Lakini dramu iliyorekebishwa ina akiba ya nguvu kwa ajili hiyo. Gari linalozidishiwa mzigo kila siku linahitaji kupunguziwa mzigo, au kubadilishwa na gari lililotengenezwa kuubeba.

Anabaki nani mwenye sababu? Yule aliyeongeza nguvu ya injini, anayekimbiza gari kwenye mashindano, au aliyekuta ekseli yake ya nyuma imeharibika na amepata nzima ya toleo lenye diski. Kanuni kwake ni moja: achukue mfumo, asichukue vipande. Vitz RS, Swift Sport na Fit RS zilitoka kiwandani na diski nyuma. Gari la kutolea seti liwe ndugu wa gari lako, la kizazi kilekile, kwa sababu matoleo mawili ya jina moja yanaweza kutofautiana habu, beringi na upana wa ekseli. Kutoka humo chukua ekseli au habu zake, ngao za nyuma, diski, kalipa na mabano yake, hosi, kebo mbili za handibreki, masta silinda, na vali ya kugawa mkandamizo. Mabano yaliyochongwa kwa bamba la chuma na kuchomelewa mtaani yakatae kabisa: nguvu yote ya kusimamisha tairi inapita hapo. Kwenye gari la zamani sana hakikisha pia masta silinda haina vali inayobakiza mkandamizo mdogo kwa ajili ya dramu, la sivyo pedi zitabaki zimekaza. Jaribu rimu kabla ya kulipa, maana kalipa inaweza kugusa rimu ya inchi 13 au 14.

ABS inaleta shida yake. Sensa za nyuma lazima ziendane na habu mpya, na kompyuta inayogawa nguvu ya nyuma imepangwa kwa breki za toleo lililotoka nazo kiwandani. Kama huwezi kupata na kitengo cha ABS cha gari lililotoa seti, ushauri wangu ni kuiacha kazi hiyo. Taa ya ABS iliyozimwa kwa kung'oa balbu si suluhisho, na gari lililopoteza ABS ili lipate diski za nyuma limeshuka hadhi ya usalama.

Wakati wa kufunga, kumbuka kwamba kalipa nyingi za nyuma zenye handibreki ndani yake zina pistoni inayorudishwa kwa kuzungushwa. Ukiibana kwa klempu utaivunja kwa ndani. Toa upepo ukianzia tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, isipokuwa kitabu cha gari kikisema vingine, na usiache chombo cha mafuta kikauke. Injini ikiwa inaunguruma, shikilia pedali kwa nguvu dakika nzima: ikizama polepole, kuna uvujaji au masta silinda imekufa. Handibreki iwe na uwezo wa kulishikilia gari lililojaa kwenye mwinuko wa asilimia 20, yaani mita 20 za kupanda kwa kila mita 100. Nati za tairi za Toyota hizi ndogo hukazwa kwa Nm 103, kwa spana ya kipimo. Kisha nenda mahali pakavu pasipo na watu, anza kwa mwendo wa kilomita 30, kanyaga kwa kuongeza kidogokidogo, na mwenzako aangalie akiwa pembeni kabisa. Kwenye gari lisilo na ABS, matairi ya nyuma yakikwama kwanza, gari hilo lisiende barabarani mpaka mgawanyo urekebishwe. Zilaze pedi mpya kwa kupunguza mwendo mara 20 hivi, kutoka 60 hadi 15, bila kusimama kabisa, ukiacha nafasi ya kupoa.

Baada ya kilomita 100 kaza tena nati na uangalie kila kiungo cha bomba. Ijulishe kampuni yako ya bima kwamba breki zimebadilishwa. Andika pia modeli kamili ya gari lililotoa seti na uihifadhi pamoja na kadi ya gari, kwa sababu fundi atakayehitaji pedi baadaye, akienda dukani na namba ya chesesi ya gari lako, atapewa shuu.